Faida ya Utafiti Katika Skuli Zetu

Mara kwa mara wazazi wa Kilifi na Malindi huona wageni wakiingia skulini na madaftari, wakiwauliza watoto maswali, wakaandika majibu na kuondoka. Wengine husema: “Mtoto wangu atapata faida gani?” Swali hili ni la haki, nalo lastahili jibu.

Kazi ya watu hao ni utafiti, yaani kuhakikisha kwa kupima jambo ambalo watu hulidhania tu. Lakini hata kipimo chaweza kupotoka. Mtihani uliotungwa Ulaya, wenye picha na maneno ya huko, hauwezi kuonyesha akili ya mtoto wa Kigiriama ambaye hajapata kuviona vitu hivyo. Kwa sababu hii watafiti wa Kilifi, ambako kituo cha KEMRI na Wellcome Trust kilianzishwa mwaka 1989, walitengeneza mitihani iliyowafaa watoto wa huko, wakatangaza kazi yao mwaka 2004. Utafiti wa Kilifi umeonyesha pia ya kuwa malaria kali inayofika ubongoni yaweza kumwachia mtoto upungufu wa kujifunza.

Basi wengi waliamini ya kwamba malaria ikitibiwa skulini, masomo yatasonga mbele. Kati ya mwaka 2010 na 2012 wataalamu wa vyuo vikuu na KEMRI walilijaribu jambo hilo katika skuli 101 za Kwale, kusini mwa Mombasa. Skuli ziligawanywa kwa kura mafungu manne: fungu moja watoto walipimwa malaria na kutibiwa, la pili walimu wa darasa la kwanza walifundishwa njia bora za kusomesha herufi na sauti zake, la tatu lilipata yote mawili, na la nne liliendelea kama kawaida. Kura ilitumika ili pasiwe na upendeleo, na ili tofauti ikionekana ijulikane chanzo chake.

Walimu hao walipewa mipango ya masomo, na baadaye wakatumiwa ujumbe mfupi kwa simu kuwakumbusha na kuwatia moyo. Baada ya miaka miwili, wanafunzi wao walikuwa mbele katika kusoma. Zaidi ya hayo, walioacha skuli walikuwa watoto 2.1 tu katika kila 100, hali katika skuli nyingine walikuwa 5.3. Lakini matibabu ya malaria yaliyotolewa kwa namna ile hayakupunguza upungufu wa damu wala kuongeza usikivu darasani, labda kwa kuwa mtoto aliyetibiwa aweza kuambukizwa tena.

Isidhaniwe ya kuwa kazi hiyo ilikuwa bure. Mtoto mwenye homa lazima apelekwe hospitali upesi. Lililopimwa ni kama kampeni ile ya skulini huongeza elimu. Bila ya kupima, fedha nyingi zingalitumika kwa dhana tu, na mwalimu wa darasa la kwanza angaliachwa bila msaada.

Leo Kilifi ina Chuo Kikuu cha Pwani, kilichopata hati yake mwaka 2013, nacho hufundisha walimu. Mtafiti akija, mzazi ana haki ya kuuliza anachunguza nini, kukubali au kukataa, na kutaka matokeo yarudishwe kijijini. Utafiti usiorudi kwa mwalimu na mzazi ni kama mavuno yaliyosahauliwa shambani.