Kwa Nini Kijakazi Hakuondoka?

Hebu tuanze na majina. Katika riwaya ya Adam Shafi, Kasri ya Mwinyi Fuad, iliyochapishwa mwaka 1978, tajiri anaitwa Mwinyi na mtumishi wake anaitwa Kijakazi. Sisi watu wa Kwale hatuhitaji kamusi hapo. Mwinyi ni bwana mwenye mali, na kijakazi ni mtumwa wa kike. Mama yule jina lake na kazi yake ni kitu kimoja.

Hadithi inatokea Unguja, kabla na baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964. Fuad anamtukana Kijakazi na kumtesa, naye anazidi kumtumikia. Hilo si ajabu, maana angekwenda wapi? Ajabu inakuja baadaye. Serikali imepinduliwa, wenzake wanajitawala, na Kijakazi bado anamtumikia Fuad! Tulipofika hapo darasani wengi walicheka. Ati mjinga.

Mimi sikucheka. Bibi yangu alikuwa yaya kwa Wazungu huko Diani miaka ya 1970, Uhuru umeshapatikana. Nilipomsimulia kisa hiki alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mume wangu wee, yule mtoto nilimlea mimi. Ningemwachia nani?" Basi nikaona kwamba mtu akipika, akafua na kuogesha mtoto wa mwenzake kwa miaka, kamba inayomfunga si mshahara tu.

Linganisha na Toundi, boi katika riwaya ya Ferdinand Oyono wa Kameruni, ya mwaka 1956. Toundi anaona siri zote za mabwana zake, lakini nguvu hana, na kule kujua ndiko kunakomponza. Kijakazi ni kinyume chake: nguvu zimemfikia mlangoni, yeye hazioni. Kwa maoni yangu Fuad ndiye aliyekuwa mnyonge zaidi, kwani bila mikono ya watumishi kasri ni mawe matupu.

Mwishowe Kijakazi anafunguka macho, lakini polepole, baada ya kuelezwa na kuelezwa tena. Wengine wanasema mwandishi amechelewa. Mimi nampa heko kwa kutomharakisha. Bibi yangu hadi leo, akienda kumwona ndugu yake anayelinda nyumba moja huko Diani, huzunguka na kuingia kwa mlango wa nyuma. Na hakuna aliyemkataza kupita mbele.