Kubadili Aina ya Kamera: Tuhesabu Gharama Kwanza

Katika toleo hili tunaeleza jambo linalowahusu vijana wetu wapiga picha wa Masasi na Newala, pamoja na ninyi mnaowawezesha.

Wakati fulani tulipokea zawadi ya kamera mbili nzuri. Tulishukuru, tukazikabidhi kwa kikundi cha vijana. Baadaye tuligundua kuwa lenzi za kikundi zilikuwa za Canon na kamera zile ni Nikon. Zilikaa kabatini. Kosa lilikuwa letu, kwa sababu hatukuuliza.

Kamera ya kubadilisha lenzi si kifaa kimoja. Ni bodi, lenzi, flashi, betri na chaja, na kampuni nyingi zina namna zao za kufungia lenzi. Nikon ilianza na mfumo wake wa F mwaka 1959. Canon iliacha mfumo wa FD mwaka 1987 ikaleta EF, na wenye lenzi za zamani hawakuweza kuzifunga moja kwa moja kwenye kamera mpya. Mwaka 2018 kampuni zote mbili zilileta mifumo mipya ya kamera zisizo na kioo ndani: Canon RF na Nikon Z.

Safari hii kuna nafuu. Kwa kutumia adapta ya Canon, lenzi za EF hufanya kazi vizuri kwenye kamera za RF. Kwa Nikon, adapta za FTZ hupokea lenzi nyingi za F, lakini lenzi za zamani zisizo na mota ndani hulazimu kurekebishwa kwa mkono. Katika ibada ya kipaimara, ambapo tukio halirudiwi, hilo ni tatizo.

Tuchukue mfano wa hesabu. Kijana ana vifaa alivyonunua kwa shilingi 3,000,000. Akiviuza vikiwa vimetumika anapata 1,200,000. Vifaa vya kampuni nyingine vya kazi ileile ni 4,500,000. Pengo ni 3,300,000. Ikiwa kila harusi inamwachia faida ya 100,000, atahitaji harusi 33 ili kulifidia. Huku kwetu harusi na sherehe nyingi hufuata fedha za korosho, hivyo harusi 33 zaweza kuchukua zaidi ya msimu mmoja.

Pia kuna umeme. Nikon D750 ya mwaka 2014 ilipimwa kupiga picha 1,230 hivi kwa chaji moja. Nikon Z6 ya mwaka 2018, isiyo na kioo, ilipimwa picha 310 hivi. Umeme ukikatika siku ya harusi kijijini, mpiga picha anahitaji betri za akiba, nazo ni gharama.

Anayepiga picha kwa kujifurahisha akikosea anapoteza akiba yake. Anayeishi kwa kazi hiyo akikosea anapoteza wateja, na pengine ada ya watoto.

Hatusemi watu wasibadili. Lenzi ikiota ukungu, bodi ikichakaa, au kazi ikidai ubora zaidi, kubadili ni halali. Tunashauri haya:

1. Kamati ya usharika iorodheshe vifaa vilivyopo, jina na aina ya kila lenzi, kabla ya kuandika ombi.
2. Mfadhili aulize orodha hiyo kabla ya kutuma kamera.
3. Bajeti ihusishe adapta, betri za akiba, mafunzo na matengenezo.
4. Kikundi kibadili kidogo kidogo: bodi kwanza, lenzi za zamani ziendelee kutumika.
5. Mara nyingi lenzi moja nzuri husaidia kuliko bodi mpya.

Katika Luka 14 Bwana Yesu anataja mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye huketi kwanza akahesabu gharama. Nasi tuketi na vijana wetu, orodha ikiwa mezani, kabla ya fedha kutoka.