Ufasaha wa Hoja katika Elimu ya Uhandisi

Katika vyuo vingi vya uhandisi somo la stadi za mawasiliano hufundishwa mwaka wa kwanza, na aghalabu wanafunzi hulihudhuria shingo upande, wakilihesabu kama kodi itozwayo mlangoni kabla ya mtu kuruhusiwa kuingia katika elimu yenyewe ya hesabu, mekanika na umeme. Dhana hiyo ina madhara makubwa, kwa kuwa humfanya kijana aamini ya kwamba kufikiri ni kazi moja na kueleza ni kazi nyingine, ilhali katika taaluma hii mtu asiyeweza kuipanga hoja yake mbele ya wengine mara nyingi huwa hajaipanga hata mbele ya nafsi yake. Mfano ulio bayana zaidi ninaoujua ni ule wa chombo cha anga cha Marekani kilichoitwa Challenger.

Usiku wa tarehe 27 Januari 1986, wahandisi wa kampuni ya Morton Thiokol, iliyounda roketi za kukisukuma chombo hicho, walizungumza kwa simu kutoka jimbo la Utah na maofisa wa NASA, shirika la safari za anga la Marekani, wakawashauri waiahirishe safari iliyopangwa kwa asubuhi ya pili yake. Roketi hizo zilikuwa za vipande vilivyoungwa, na katika viungo vyake mlitiwa pete za mpira ili gesi ya moto isipenye nje. Nao wahandisi, akiwamo Roger Boisjoly, ambaye tangu Julai 1985 alikuwa amekwisha andika waraka wa kuonya juu ya pete hizo, walihofu kuwa baridi ingeufanya mpira uwe mgumu hata usiwahi kurudi katika umbo lake na kuziba mwanya. Walipeleka kurasa 13 za maelezo kwa faksi, na nasaha yao ilikuwa kwamba chombo kisirushwe ikiwa pete zina joto lililo chini ya nyuzi 12 za sentigredi, ambalo ndilo lililokuwa joto la safari ya baridi kupita zote zilizotangulia.

Maofisa walitaka burhani. Wahandisi wakaitaja safari ile ya nyuzi 12, ambayo pete zake zilipitisha moshi mwingi mweusi. Wakajibiwa kuwa hata safari nyingine, iliyofanywa katika joto la nyuzi 24, ilionyesha dalili za namna hiyo hiyo, basi baridi yahusikaje? Swali hilo halikupata jibu la kuridhisha. Wakubwa wa kampuni wakajitenga kushauriana, wakaitangua nasaha ya wahandisi wao, na asubuhi chombo kikarushwa katika baridi ya nyuzi 2 hivi. Baada ya sekunde 73 kikavunjika angani, na watu saba waliokuwamo wakafa.

Jibu lililokosekana usiku ule lilikuwamo katika kumbukumbu zilizokwisha andikwa. Tume iliyochunguza maafa hayo ilionyesha kuwa, katika safari zilizotangulia, zile nne zilizokuwa na joto la nyuzi 17 au pungufu zote zilipata madhara katika pete, na katika safari 20 zilizokuwa na nyuzi 19 au zaidi ni tatu tu zilizopata madhara hayo. Mjadala wa usiku ule ulikuwa umejifunga katika safari zilizodhurika, na ukiziangalia hizo peke yake utaona madhara yametokea penye baridi na penye joto pia, hata utakata tamaa ya kupata kaida yoyote. Lakini ukizitia katika hesabu na zile zilizosalimika, kisha ukazipanga zote kwa taratibu ya joto lake, baridi hujitokeza kuwa mshitakiwa wa kwanza. Hapo ndipo tafakuri na ufasaha vinapokuwa kitu kimoja, kwa maana mchoro mmoja uliopangwa sawasawa ungaliwafunulia wahandisi wenyewe nguvu ya hoja yao kabla haujawafunulia wakubwa.

Hata hivyo itakuwa si insafu kuwatwika wahandisi lawama yote. Kaida ya kazi hii ni kwamba anayetaka kurusha ndiye anayepaswa kuthibitisha kuwa ni salama. Usiku ule kaida iligeuzwa, wakatakiwa wenye shaka wathibitishe kuwa chombo kitaharibika, na katika hali ya elimu iliyopungua hakuna awezaye kutoa uthibitisho wa namna hiyo. Mwanafunzi mwenye tafakuri hana budi kuyatambua mageuzi kama haya yanapotokea katika mkutano, na kuyasema wazi kwa adabu: nani ana taklifu ya kuthibitisha, na kuthibitisha nini?

Mhandisi husema na walio juu yake, na husema pia na wanaotenda kwa mikono yao. Chukua mfano wa zege. Fundi hupenda kuongeza maji ili zege limiminike kwa wepesi, na kijana aliyetoka chuoni humkataza kwa ukali, kisha akigeuka tu ndoo nyingine ya maji humwagwa. Lau angalieleza kwamba saruji hutumia sehemu tu ya maji yale, na kwamba yanayozidi yakikauka huacha vitundu ndani ya zege na kulipunguzia nguvu, tena akamwonyesha vipande viwili vilivyovunjwa maabara baada ya siku 28, kimoja cha zege lililopimwa maji na kimoja cha zege lililozidishiwa, fundi angekuwa na sababu ya kuyapima maji hata pasipo msimamizi.

Lakini mazungumzo hayo yana upande wa pili, nao ndio unaosahauliwa zaidi. Pengine fundi huongeza maji kwa kuwa nondo za nguzo zimebanana mno hata kokoto hazipiti, na aliyezichora hivyo ni mhandisi mwenyewe. Anayeuliza kabla ya kukemea ataugundua mushkeli huo mapema, naye ataweza kutaka kokoto ndogo zaidi au kuzipanga nondo upya. Asiyeuliza ataugundua fomu zinazolishikilia zege zitakapofunguliwa, nguzo ikiwa na mapengo na nondo zikichungulia nje. Kusikiliza, basi, ni sehemu ya upimaji wa kihandisi.

Stadi hizi haziji kwa kusoma habari zake. Hupatikana kwa mazoezi ya kila siku. Mwanafunzi aliye katika mafunzo kwa vitendo, badala ya kuandika katika daftari lake kwamba leo tumemwaga zege, aandike kwa nini lilimwagwa saa ile, nini kilikwenda kinyume cha michoro, na angebadili nini. Aandikapo ripoti, atangulize hukumu yake, afuatishe ushahidi, kila tarakimu iwe na kipimo chake, na kila shaka itajwe kwa kiwango chake bila ya kutiwa chumvi wala kufichwa. Achague mwenziwe mmoja ampe kazi ya kuipinga hoja hiyo kwa kadiri ya uwezo wake, na ajiulize daima swali lililokosa kuulizwa usiku ule wa Utah: ni habari zipi ambazo hazimo katika jedwali hili?

Walimu nao wana wajibu wao. Maadamu alama zote hutolewa kwa jibu la mwisho la hesabu, wanafunzi wataendelea kuidharau njia ya kulieleza. Yafaa hoja isahihishwe kwa ukali ule ule unaotumika katika kusahihisha mlinganyo. Naye mwanafunzi asiitoe kazi mkononi mwake mpaka aweze kusema, kwa maneno yanayoeleweka na mwenye amri na fundi pia, anajua nini, kwa ushahidi gani, na ana shaka kiasi gani.