Bruce Lee aliambiwa asahau mateke

KUANZIA Kariakoo hadi Mugumu kule Serengeti, banda la video ambalo halijawahi kuonyesha mateke ya Bruce Lee sijui lilikuwa linaonyesha nini. Lakini wengi waliokuwa wanashangilia hawakujua kwamba mwamba yule alikuwa anapigana na mgongo mbovu.

Ilikuwa mwaka 1970. Siku hiyo Lee hakupasha misuli. Akaweka chuma cha zaidi ya kilo 50 mabegani, akawa anainama mbele na kuinuka. Mgongo ukagoma. Madaktari wakamwambia ameumia mshipa wa fahamu sehemu ya chini ya mgongo, alale, na mateke ndiyo basi tena. Ni sawa na straika kuambiwa mguu umekwisha.

Nyumbani kulikuwa na watoto wawili wadogo. Mkewe, Linda, akaenda kutafuta kibarua, jamaa akabaki kitandani kwa miezi akijaza madaftari kuhusu namna ya kupigana. Sehemu ya maandishi hayo ilikuja kutoka kama kitabu mwaka 1975, yeye akiwa ameshafariki.

Mwaka 1971 akarudi na The Big Boss. Mwaka uliofuata akazichapa na Chuck Norris katika filamu, ndani ya Colosseum, Roma. Maumivu hayakumwacha hadi anafariki Julai 1973, akiwa na miaka 32. Alichobadilisha ni namna ya kujiandaa.

Usain Bolt naye uti wake wa mgongo umepinda. Alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.58 mwaka 2009, na mwaka 2018 akafunga mabao mawili kwenye mechi ya kirafiki ya Central Coast Mariners, Australia. Siri yake ilikuwa kuimarisha misuli ya tumbo na mgongo.

Sasa kijana wa Mugumu mwenye mgongo unaosumbua asikimbilie kutupwa chini kwenye judo kwa sababu Lee aliweza. Migongo haifanani. Aanze kwa daktari, kisha kata za karate taratibu. Kupigana na mwenzake kutasubiri ruhusa. Na mguu ukianza kufa ganzi, au haja ndogo ikitoka bila kujua, ni hospitali siku hiyohiyo, siyo kwa mkandaji.