Tangazo Lako Linatoka kwa Saa ya Nani?

Wenye biashara siku hizi, wakubwa kwa wadogo, hutangaza bidhaa zao kwa simu. Swali ninaloletewa mara kwa mara, na juma hili limenifikia kutoka Kwala, mkoani Pwani, ni hili: saa gani ni bora kurusha tangazo Instagram, Facebook au WhatsApp ili wanunuzi walione? Aliyeuliza anafuga kuku wa nyama. Kuku wa nyama, kama mjuavyo, hawana subira. Wakishafikia uzito wa kuuzwa, kila siku wanayozidi kukaa bandani wanakula chakula kisichorudisha gharama yake. Tangazo likipotea hewani kwa siku tatu, pengo linaonekana mfukoni.

Swali hili lina uzito zaidi kwa Kwala ya leo. Tarehe 31 Julai 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua pale bandari kavu, pamoja na safari za mizigo za treni ya reli ya kisasa, yaani SGR. Malori hupita barabara ya zege kutoka Vigwaza, na viwanda vinajengwa. Mahali palipozoea wakulima na wafugaji pamepata madereva, mawakala wa forodha, mafundi na vibarua. Wanunuzi wameongezeka, lakini kila kundi lina saa zake. Hapo ndipo penye jibu la swali letu.

Kwanza niwatahadharishe juu ya majedwali. Wako wanaosambaza orodha zisemazo kwamba saa bora ni tatu asubuhi ya Jumatano, au saa fulani ya Ijumaa. Orodha nyingi za namna hiyo hutengenezwa ng'ambo, kutokana na wastani wa watu wa huko. Saa tatu asubuhi ya New York ni saa kumi alasiri kwetu wakati wa kiangazi chao, na saa kumi na moja jioni wakati wa baridi, kwa sababu wao huzisogeza saa zao mara mbili kwa mwaka na sisi hatuzisogezi. Hata ukiigeuza saa hiyo sawasawa, bado umepata saa ya Mmarekani aliyekaa ofisini, wala si ya mama lishe wa Kwala.

Hata jirani zetu hatuko nao saa moja. Kigali, Bujumbura na Lubumbashi wako nyuma yetu kwa saa nzima. Kampuni ya Dar es Salaam inayowahudumia wenye mizigo wa huko, ikirusha taarifa saa mbili kamili asubuhi, itawakuta wenzetu saa moja, wengine bado wanakunywa chai.

Kuna mtego mwingine, nao ni wa Kiswahili chetu wenyewe. Programu za simu huruhusu kupanga tangazo litoke lenyewe baadaye. Lakini mashine haihesabu saa kuanzia mapambazuko kama sisi. Ukikusudia saa tatu asubuhi ukaandika 3:00, tangazo litatoka saa tisa usiku, watu wamelala. Saa tatu asubuhi huandikwa 9:00, na saa mbili usiku huandikwa 20:00. Hakikisha pia kwamba simu imewekwa kwenye majira ya Afrika Mashariki.

Sasa tuone mitandao yenyewe inavyofanya kazi. Zamani Instagram ilipanga picha kwa kufuata muda: iliyotoka mwisho ndiyo iliyokaa juu. Mwaka 2016 ilianza kuzipanga kwa kukisia kile ambacho kila mtu atakipenda. Kwa hiyo picha yako ya asubuhi yaweza kuonekana jioni, au isionekane kabisa. Muda wa kurusha ungali unahesabiwa, lakini ni jambo moja kati ya mengi. Hali ya WhatsApp, ile ambayo wengi huiita "status", ina tabia yake: hudumu saa 24 kisha hufutika. Tangazo la kuku lililowekwa humo asubuhi ya Jumatatu halitamfikia anayefungua simu mchana wa Jumanne.

Basi saa bora ni ipi? Jibu langu ni hili: ni saa ile ambayo mnunuzi ana simu mkononi na bado hajaamua atanunua nini. Masharti hayo mawili yaende pamoja. Mtu aweza kuwa na simu mkononi saa saba mchana, lakini kama ameshakula, picha ya pilau ya mchana huo haimsaidii yeye wala mpishi. Mwenye kuuza chakula cha mchana hana budi kujitokeza kabla watu hawajaamua, tuseme saa nne asubuhi. Chelewa chelewa, utakuta mwana si wako.

Turudi kwa mfugaji wetu. Mama lishe huamua leo atakachopika kesho. Mwenye kumuuzia kuku na ajaribu jioni, mama huyo akishafunga na kuhesabu mauzo yake. Dereva hawezi kusoma tangazo akiwa kwenye usukani, wala hatakiwi kufanya hivyo. Huyo hupatikana akiwa ameegesha, anangoja zamu. Kibarua na mfanyakazi wa mshahara hutegemea siku ya malipo kuliko saa ya mchana. Mwezi wa Ramadhani mambo yote hubadilika: anayetaka kuuza kitoweo cha futari aseme mapema alasiri, maana jua likizama mikono iko kwenye sahani.

Haya niliyoyasema ni makisio ya kuanzia, na makisio hupimwa. Chukua daftari. Juma la kwanza rusha tangazo lako asubuhi, juma la pili jioni. Bei isibadilike, wala aina ya picha. Kisha rudia tena, ili yawe majuma manne. Kila siku andika walioona ni wangapi, waliouliza bei ni wangapi, na walionunua ni wangapi. Idadi ya tatu ndiyo ya kuangalia, kwa kuwa kupendwa na watu mia hakununui mfuko wa chakula cha kuku. Ukigeuza akaunti ya Instagram kuwa ya biashara, itakuonyesha pia siku na saa ambazo wafuasi wako huwa mtandaoni. Na usione haya kumuuliza mteja anayelipa: tangazo langu uliliona saa ngapi?

Neno la mwisho liwaendee wenye makampuni, wanaopanga matangazo ya mwezi mzima kwa siku moja. Mashine haina habari ya msiba. Rais mstaafu Ali Hassan Mwinyi alipofariki tarehe 29 Februari 2024, zilitangazwa siku 7 za maombolezo. Kampuni iliyokuwa imepanga tangazo la shangwe na ngoma litoke lenyewe siku hizo ingejiletea lawama kwa fedha zake. Awepo mtu, mwenye jina na simu, ambaye kazi yake ni kulisimamisha tangazo mambo yanapogeuka.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Kwala, usikeshe usiku kufuata jedwali la mji usioujua. Wajue wateja wako wanaamka saa ngapi, wanalipwa lini na wanaamua lini. Kuku wako wauzwe kwa saa ya Kwala.

Tukutane juma lijalo, panapo majaliwa.