"Reality" si kampuni, jamani!

Hivi wewe msomaji ungelipia chumba cha hoteli kinachosifiwa kwa Kiingereza kuwa ni "suggestive"? Mwingereza akisoma hapo anacheka kwanza, halafu anajiuliza kama hiyo ni hoteli au danguro! Masikini Mtaliano wa watu wala hakuwa na nia mbaya. Kwao "suggestivo" ni mahali pa kupendeza, panapogusa moyo. Neno limevuka mpaka, heshima imebaki forodhani.

Mie kibarua changu ni kugeuza vipeperushi vya Kiitaliano kuwa Kiingereza. Lugha yenyewe niliiokota Kiwengwa, Zanzibar, kwa watalii, baada ya kumaliza fomu foo. Nilichokiona ni kwamba Wataliano wanapenda tangazo liwe na mbwembwe. Kampuni haijiiti kampuni, inajiita "realtà". Ukitafsiri neno kwa neno unapata "a dynamic reality", na msomaji anabaki kujiuliza, kwani wenzao ni mizimu? Andika "company", yaishe.

Halafu kuna "a 360 gradi", yaani huduma za kila aina. Lakini ukizunguka nyuzi 360 si umerudi pale pale ulipoanzia? Mimi huwa nauliza: kila aina ipi? Wakisema wanampokea mgeni uwanja wa ndege, wanampikia na kumtembeza, naandika hivyo hivyo. Mteja hanunui nyuzi, ananunua lifti na chakula.

Na usidhani wanaoteleza ni wenye vihoteli tu. Mwaka 2023 Wizara ya Utalii ya Italia ilizindua kampeni ya "Open to Meraviglia", nusu Kiingereza, nusu Kiitaliano. Kwenye tovuti, upande wa Kijerumani, mji wa Brindisi ukatafsiriwa "Toast", eti kwa sababu "brindisi" ni kule kugonganisha glasi mkitakiana heri. Mji mzima umegeuzwa cheers! Watu walicheka mpaka basi.

Kasheshe kwangu ni malipo. Bosi mmoja alinipa mistari kumi ya sifa, nikamrudishia minne. Akawaka: "Mbona umenipunja maneno?" Akataka kunilipa nusu. Nikamwambia, bosi, ile sita ilikuwa inasema kitu kimoja tu, kwamba nyinyi ni bora. Mwingereza ukimjisifia sana anaficha waleti! Hakukubali. Nikachukua hiyo nusu, kwani kodi ya chumba haingoji, lakini mistari yangu ilibaki minne.

Kwa hiyo wewe kijana unayeitaka kazi hii, patana bei kwa ukurasa uliopewa, si kwa ukurasa utakaorudisha. Kisha jiulize swali moja tu kabla ya kushika kalamu: hapa mtu anauziwa nini? Ukilipata jibu, Kiingereza kitakuja chenyewe. Ukilikosa, hata kamusi tatu hazitakuokoa.

Wiki njema!