Chukudu, baiskeli au pikipiki: ipi itakulipa Butembo na Beni?

Mwenye magunia ya makaa kilimani ana njia tatu za kuyafikisha sokoni bila kukodi gari: chukudu (skuta ya mbao ya magurudumu mawili), baiskeli ya chuma au pikipiki. Usitazame bei ya dukani peke yake. Tazama pia mteremko wa njia yako, uzito wa mzigo na pesa utakazomwachia fundi kila mwezi.

Chukudu

Hii huundwa kwa mikono hapa hapa Kivu Kaskazini, kwa mikaratusi na mbao nyingine ngumu. Habari kutoka Goma zimewahi kutaja bei ya kati ya dola 50 na 150, kulingana na ukubwa. Kubwa hubeba zaidi ya kilo 400. Haina cheni, haina pedali, hainywi mafuta. Mteremkoni inakwenda yenyewe; mlimani unaisukuma wewe, na hiyo ndiyo gharama yake.

Kabla ya kulipa, ilaze ubavu. Zungusha gurudumu la mbele: likiyumba, iache chukudu hiyo. Kagua maungio: ulimi wa mbao uingie tunduni bila pengo, maana pengo lililozibwa kwa misumari litafunguka siku ya mzigo. Uliza kama mbao ilikauka, mbichi hupasuka. Raba ya tairi kuukuu iliyopigiliwa gurudumuni iwe imekaza pande zote.

  Kwa kuwa ni kazi ya mkono, mweleze fundi wa chukudu urefu wako na mzigo wako kabla hajashika msumeno.

Baiskeli

Hubeba kidogo kuliko chukudu, lakini mlimani ni nyepesi kusukuma, na ukishauza unarudi nyumbani umeipanda. Chagua ile nzito ya fremu ya chuma, kisha mpelekee mchomeleaji aimarishe uma na keria. Tenga pesa za tubu, spoku na cheni. Vitu hivyo haviishi kuharibika.

Pikipiki

Bei ya moja mpya inanunua chukudu kadhaa, na bado kuna mafuta, oili na karatasi za serikali. Faida yake ni mwendo. Butembo hadi Beni ni kilomita 54, Beni hadi mpakani Kasindi ni 80. Barabara hizo zimo katika mradi ambao Kongo na Uganda ziliuzindua mwaka 2021. Kwa umbali huo, mwenye chukudu hashindani na mwenye pikipiki.

Uamuzi

Shamba likiwa juu na soko chini, mzigo ukiwa mzito, nunua chukudu. Njia ikipanda na kushuka, chukua baiskeli iliyoimarishwa. Pikipiki inunue tu ikiwa una abiria au mzigo wa kila siku, na mapato ya siku mbaya yanatosha mafuta ya kesho. Ukiinunua kwa mkopo bila hesabu hiyo, utakuwa unamfanyia kazi aliyekukopesha.